Maswali ya Wasomaji: Milango yenye Kitasa kwa Visanduku vya Dashibodi ya Triumph Spitfire

SWALI

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa magari ya zamani,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayeishi Birmingham, Uingereza. Miaka mitatu iliyopita nilinunua gari aina ya Triumph Spitfire Mk3 (toleo la tatu) la mwaka 1969, lenye usukani wa kulia na paa la turubai. Kama unavyojua, saa zote za vipimo za gari hili zimekaa katikati ya dashibodi, na kila upande, kwa dereva na kwa abiria, kuna kisanduku kilicho wazi, kisicho na mlango wala kizuizi. Nikikata kona kwa haraka kidogo, miwani na kalamu humwagikia miguuni mwangu, karibu na pedali, na ninapoegesha mjini sina mahali pa kuficha hata chaja ya simu.

Nimekusudia kutengeneza milango miwili inayofanana, yenye bawaba na kitasa cha ufunguo, ili visanduku vyote viwili vifungwe. Naomba unieleze nitumie vifaa gani, kitasa cha aina gani, na iwapo kazi hii itaniletea matatizo ya bima au ya ukaguzi wa gari. Jirani yangu, ambaye naye ana Spitfire, amenionya kwamba nikigusa dashibodi hiyo nitakuwa nimeliharibu gari.

Msomaji, Birmingham

JIBU

Ndugu msomaji, jambo unalolitaka linawezekana, na kwa mtu mwenye subira na vifaa vya kawaida vya useremala ni kazi ya Jumamosi tatu au nne. Hata hivyo, naomba tuanzie mahali ambapo barua yako haikufika. Karibu kila anayeniandikia kuhusu kazi hii huuliza habari za mlango: mbao gani, kitasa gani, bawaba zikae wapi. Mlango ndio sehemu nyepesi. Kabla hujanunua chochote, sukuma viti nyuma kabisa, lala chali sakafuni mwa gari ukiwa na tochi, na ukitazame kisanduku chako kutoka chini. Utakachokiona ni kadibodi ngumu iliyokunjwa, ikabanwa kwa pini na kushikizwa kwa skrubu chache. Baada ya zaidi ya miaka 50, na hasa kama maji yamekuwa yakipenya chini ya mpira wa kioo cha mbele, kadibodi hiyo huweza kulainika kiasi cha kutobolewa kwa kidole.

Sasa fikiri kwamba mwizi naye anaweza kulala hapo hapo ulipolala wewe. Hatakuwa na haja ya kukivunja kitasa chako; atapitisha mkono chini ya dashibodi, atakivuta kisanduku, na kadibodi itararuka kama boksi la viatu lililonyeshewa, huku mlango wako mzuri ukiwa bado umefungwa kwa ufunguo. Kwa sababu hiyo nasema kwamba kazi uliyo nayo ni ya kujenga visanduku vipya, kisha kuvitilia milango.

Kuna na la pili, ambalo ni turubai. Paa la gari lako hukatwa kwa kisu cha jikoni katika muda mfupi kuliko unaokuchukua wewe kulikunja, na bei ya turubai jipya pamoja na ufundi wa kulivalisha itazidi sana thamani ya chochote kinachoweza kuenea ndani ya kisanduku cha dashibodi. Ndiyo maana wako wenye magari ya wazi nchini Uingereza ambao huacha milango ya gari bila kuifunga kwa ufunguo, ili mwizi afungue, atazame, asione kitu, aende zake bila kukata. Ukiweka kitasa kinachong'aa kwenye dashibodi, unamwambia mpita njia kwamba ndani mna kitu. Nashauri basi milango hii uitengeneze kwa ajili ya kuzuia vitu visimwagike na kuvificha machoni mwa watu, na kitasa chenyewe kiwe cheusi, kidogo, kisichovutia. Pasipoti, fedha na kompyuta havina nafasi humo. Kwa vitu hivyo gari lako lina buti lenye kitasa chake, au tembea navyo.

Ni haki pia kueleza kwa nini watengenezaji waliviacha visanduku hivyo wazi, maana si kwa kusahau. Spitfire, iliyochorwa na Mwitaliano Giovanni Michelotti na kuanza kuuzwa mwaka 1962, ilijengwa juu ya vipande vya gari la familia la Triumph Herald ili bei yake iwe ya chini. Kuweka saa katikati kuliiwezesha karakana ya Canley, mjini Coventry, kutoa magari ya usukani wa kulia na ya usukani wa kushoto kwa kutumia paneli ile ile, na nafasi iliyobaki pande mbili ikawa visanduku. Bawaba nne na vitasa viwili kwa kila gari ni gharama, na kiwanda kinachohesabu senti huanza kupunguza hapo. Ilipotoka Mk IV mwaka 1970, saa zilihamishiwa mbele ya dereva, na mpangilio huo wa visanduku pacha ukaisha. Kwa hiyo jirani yako ana hoja: dashibodi unayoizungumzia ni alama ya matoleo matatu ya kwanza, na mtu hatakiwi kuikata ovyo. Anapokosea ni pale anapodhani kwamba kila badiliko ni la kudumu. Nitakueleza namna ya kuifanya kazi yote bila kutoboa tundu hata moja jipya katika paneli ya asili.

Kabla ya hapo, niruhusu nikupinge katika jambo moja. Umesema unataka milango miwili inayofanana. Upande wa abiria sina shaka nao, lakini upande wa dereva sipendi uwekwe mlango wenye kitasa. Usukani umekaa mbele ya tundu la kisanduku hicho, na mlango ukifunguka kwa bahati mbaya utaangukia penye mikono yako wakati unakata kona. Ufunguo uliosahauliwa kwenye kitasa utakaa usawa wa goti, na goti likigonga chuma katika ajali ndogo, ajali hiyo haitabaki ndogo. Marekani walilitazama jambo hili mapema. Kanuni yao ya usalama namba 201, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1968, inataka milango ya visanduku vilivyomo ndani ya gari ibaki imefungwa gari linapogongwa. Wenzao wa Triumph waliokuwa Abingdon, watengenezaji wa gari la michezo la MGB, waliona afadhali magari yaliyokwenda Marekani kuanzia toleo la 1968 yapewe dashibodi nene yenye sponji isiyo na kisanduku kabisa, ambayo wapenzi wa gari hilo waliipa jina la utani la mto wa Abingdon (yaani mto wa kulalia), na kisanduku hakikurudi hadi toleo la 1972. Gari lako la Birmingham halibanwi na kanuni ya Marekani, lakini goti lako ni kama la Mmarekani.

Pendekezo langu ni hili. Upande wa abiria weka mlango kamili wenye kitasa. Upande wa dereva weka ukingo mfupi wa sentimita tatu au nne kwenye mdomo wa chini wa kisanduku, uliovikwa reksini nyeusi ile ile, ili vitu visimwagike. Hauna bawaba, hauna ufunguo, na hautamwangukia mtu. Ukitazama kutoka kiti cha abiria hutaona kasoro kubwa ya mlingano, na utakuwa umeokoa nusu ya kazi.

Tukija kwenye ujenzi, kwanza ondoa waya wa betri, kwa sababu utakuwa unapitisha bisibisi na koleo karibu na nyaya zilizokwisha kukauka plastiki yake. Mk3 ina upande hasi wa betri uliounganishwa na bodi, tofauti na matoleo mawili yaliyoitangulia, hivyo ondoa ule wa hasi. Kisha fungua skrubu za kisanduku cha zamani, ukitoe taratibu, na hata kama kimelegea usikitupe. Hicho ndicho kipimo chako. Nyuma yake hupita mabomba ya kupeleka hewa ya moto kwenye kioo na mtambo wa kuzungushia waipa, na kina cha kisanduku cha asili kilipimwa ili kisivigonge. Anayejenga kisanduku kirefu zaidi kwa tamaa ya nafasi hugundua kosa lake siku ya kwanza ya mvua, waipa zinapokwama katikati ya kioo.

Kisanduku kipya kitengeneze kwa plaiwudi ya milimita 3 au kwa bati la alumini lenye unene wa milimita 1 na ushei. Mimi hupendelea alumini kwa sababu hailowi na hukunjwa kwa mbao mbili na jiliwa, lakini plaiwudi iliyopakwa vanishi pande zote nayo inafaa na haina kelele. Pembe za alumini zipigwe ribiti, si gundi peke yake. Mdomo wa kisanduku uwe na ukingo uliokunjwa kwa nje, upana wa kama milimita 15, utakaokaa nyuma ya paneli na kubanwa na skrubu zile zile za asili katika matundu yale yale. Humo ndimo ilimo siri ya kutoharibu gari: bawaba, kitasa na kamba ya kuzuia vyote hufungwa kwenye kisanduku na kwenye mlango, na paneli haiguswi. Siku ukiamua kuuza, au jirani akikushinda kwa maneno, unafungua skrubu, unatoa kisanduku pamoja na mlango wake kama droo, na kurudisha kadibodi uliyoihifadhi.

Mlango wenyewe uchonge katika plaiwudi nzuri ya milimita 6. Usiupime kwa rula. Weka karatasi nzito juu ya tundu, ipapase kwa upande wa penseli mpaka ukingo ujichore, kisha ikate na kuijaribisha. Na ingawa visanduku viwili vinaonekana pacha, usidhani kwamba karatasi ya upande mmoja ukiigeuza itaenea upande wa pili. Uache mwanya wa milimita 3 kuzunguka pande zote, na kumbuka kwamba reksini utakayoivika inakula sehemu ya mwanya huo. Sarafu mbili za peni moja zikiwekwa pamoja zinakaribia kipimo hicho, nazo ni geji nzuri kuliko kukadiria kwa macho. Mafundi wa samani za nyumbani huuona mwanya huo kuwa mkubwa na hupenda kuubana mpaka milimita moja. Wasikushawishi. Spitfire ni gari la wazi lenye fremu ya peke yake chini ya bodi, na likipita kwenye barabara mbovu dashibodi hutikisika na kujipinda kidogo; mlango uliobanwa sana hulia, hukwaruza reksini yake, na mwisho hukataa kufunguka siku ambayo gurudumu moja limepanda ukingo wa barabara.

Bawaba iwe moja ndefu ya aina ya piano, ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu, iliyokatwa kwa urefu wa mdomo wa chini, ili mlango ufungukie chini kama meza. Bawaba mbili fupi huonekana nadhifu siku ya kwanza, lakini zikitofautiana hata kwa upana wa uzi, mlango unakaa upande. Tumia ukanda mwembamba wa ngozi au kamba imara, ulioshikizwa kwenye ubavu wa kisanduku na mgongo wa mlango, ili mlango uishie kwenye digrii 90 usigonge magoti ya abiria. Reksini ibandike kwa gundi wanayotumia mafundi viatu, ile inayopakwa pande zote mbili na kuachwa ikauke kabla ya kugandamiza. Ndani ya mdomo bandika vipande vya kitambaa kizito cha sufu mahali mlango unapogusa, vinginevyo utaendesha gari lenye mlio wa njuga.

Kuhusu kitasa, unachohitaji ni kile cha kabati za ofisini, chenye ulimi bapa unaozunguka robo ya mzunguko na kushika nyuma ya ukingo. Vingi huhitaji tundu la milimita 19. Hakikisha urefu wa shingo yake unalingana na unene wa mlango pamoja na reksini, na chagua chenye ulimi wa chuma cha pua, si cha bati laini. Ulimi huo ushike nyuma ya ukingo wa alumini kwa angalau milimita 8, ili mlango usiruke gari linapogongwa au kupita kwenye shimo. Jambo hili ni zito kuliko ugumu wa ufunguo, kwa sababu mlango usiofunguka wakati wa ajali ni usalama wa mtu, ilhali ufunguo mgumu ni usalama wa miwani.

Wengine hupenda kutafuta kitasa cha asili cha magari ya wakati ule ili ufunguo mmoja ufungue kila kitu. Inapendeza, lakini funguo za magari ya Uingereza za miaka hiyo zilipigwa herufi na namba za mfululizo, kama vile FS na tarakimu tatu, na michongo tofauti ndani ya mfululizo mmoja haikuwa mingi. Kwenye mkutano wa magari ya zamani usishangae ufunguo wa mtu mwingine ukizunguka katika kitasa chako.

Kwa upande wa sheria sioni pa kukuumiza kichwa. Uingereza, gari lililofikisha miaka 40 limesamehewa ukaguzi wa MOT wa kila mwaka mradi halijabadilishwa kwa kiasi kikubwa, na mabadiliko makubwa yanayohesabiwa ni ya fremu au bodi inayobeba gari, ekseli na mitambo ya kuendeshea, pamoja na injini. Mlango wa kisanduku haumo. Kampuni ya bima iandikie barua fupi uieleze kazi hiyo, ukiambatanisha picha za kabla na baada, kwa sababu wao hutaka kuambiwa kila badiliko hata lisiloongeza hatari, na ni rahisi kuandika leo kuliko kubishana baada ya wizi.

SWALI

Ndugu Mhariri,

Nami ninaishi Mombasa na nina MGA ya wazi ya mwaka 1959, ambayo haina kisanduku cha dashibodi cha aina yoyote. Fundi seremala alinitengenezea kisanduku cha mbao ngumu chini ya dashibodi, upande wa abiria, kikiwa na mlango na kitasa. Kilikuwa kizuri sana. Tangu masika, mlango umevimba haufungi sawasawa, na sasa ufunguo unaingia lakini hauzunguki. Je, nimwite fundi arande mlango, au nibadilishe kila kitu?

Msomaji, Mombasa

JIBU

Ndugu msomaji, usimruhusu fundi aurande mlango kabla ya kaskazi kuingia. Ukiranda sasa, mbao ikikauka itanywea na kukuachia mwanya wa kupitisha kidole. Utoe mlango, uuweke ndani ya nyumba mahali penye hewa na pasipo jua kali kwa wiki kadhaa, kisha uupime tena. Kama umerudi katika umbo lake, upake vanishi ya mashua pande zote sita, na hasa kwenye ncha ambako nyuzi za mbao zimekatwa, kwa kuwa huko ndiko unyevu unakoingilia na huko ndiko maseremala wengi hawapaki kwa sababu hapaonekani. Kama umepinda, usihangaike nao. Tengeneza mwingine wa plaiwudi, ambayo tabaka zake zilizopishana haziruhusu kuvimba kwa upande mmoja, na juu yake ubandike ganda jembamba la mbao uipendayo.

Kitasa ni habari nyingine. Bila shaka kimeliwa na chumvi ya hewa ya bahari, na inaelekea mtu amekwisha kukitia mafuta ya injini, ambayo hunasa vumbi na kuwa kama lami. Kisafishe kwa mafuta ya taa, kikauke, kisha utie unga wa makaa ya penseli. Kama hakizunguki, kununua kipya ni nafuu kuliko muda wako. Kipya kiwe cha shaba, na skrubu zote ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa skrubu za kawaida zitaacha machozi mekundu kwenye mbao kabla ya mwaka kwisha.

Nakuunga mkono kwa kuwa na kisanduku hicho, kwa sababu MGA ya wazi ni gari lisilo na siri. Milango yake haina vishikio vya nje, mtu huingiza mkono na kuvuta kamba iliyo ndani, na buti hufunguliwa kwa kuvuta kishikio kilicho nyuma ya viti. Yaani, ukiacha swichi ya kuwashia, kisanduku chako ndicho kitu pekee katika gari zima kinachofungwa kwa ufunguo. Kwa hiyo hakikisha kimefungwa kwa bolti zinazopita hadi kwenye chuma, zenye nati ndani ya kisanduku ambako hazifikiki mlango ukiwa umefungwa. Seremala wako huenda alitumia skrubu zilizopigwa kutoka chini, na hizo mtu yeyote mwenye bisibisi atazifungua na kuondoka na kisanduku pamoja na kitasa chake. Ufunguo wa pili utakaokuja na kitasa kipya uache nyumbani, usiuweke chini ya zulia la gari.